Hija Bagamoyo: msiyaache makumbusho yawe ya mwisho kwenye ratiba

Ukienda kuhiji Bagamoyo na kundi la parokia ratiba huwa ni ile ile miaka nenda rudi. Mnafika asubuhi mmechoka na foleni ya barabarani, mnaenda msalabani kule baharini mnasali, njia ya msalaba, wenye kuungama wanapanga mstari, misa, groto (lile pango la Bikira Maria), chakula, alafu kama muda umebaki ndo mtu anashika spika anasema haya jamani wenye kutaka kuona makumbusho wawahi, basi linaondoka saa tisa. Na hapo watu wameshakula pilau, jua linawaka, watoto wanalia, nani ataenda kusoma maandishi ukutani? Wanaenda wachache, wanapiga selfi na mbuyu, wanarudi wanauliza soda zimeisha.

Mi nasaidia kuongoza makundi ya hija ya parokia yetu hapa Dar kwa miaka kadhaa sasa, kazi yangu hasa ni ratiba na kuhesabu watu wasiachwe, sio mtaalamu wa historia wala sio mfanyakazi wa pale. Ila nimeingia kwenye yale makumbusho na watu wa kila aina, wazee wa UWAKA (umoja wa wanaume Wakatoliki), kina mama wa WAWATA (wanawake Wakatoliki), watoto wa kipaimara, vijana ambao hata njia ya msalaba walikua wanatembea nyuma kabisa na simu mkononi, na nimeona mambo ambayo kwa kweli hayatokei kanisani wala groto. Ndo mana naandika, kuna parokia nyingi zinapanga hija na hii sehemu wanaipita tu.

Kwa wasiopajua, kwa kifupi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzia Zanzibar, alafu mwaka 1868 wakavuka kuja Bagamoyo wakiongozwa na Padri Antoine Horner, kwa ruhusa ya Sultani Majid. Wakafungua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, shule, karakana, mashamba. Mwaka 1872 kikaja kimbunga kikubwa kikavunja sehemu kubwa ya walichojenga, wakaanza tena. Mnara wa kanisa lao la kwanza bado umesimama, watu wanauita mnara wa Livingstone (nitafika huko). Makumbusho yako kwenye jengo la masista la mwaka 1876, na ndani kuna picha, nyaraka, vitu vya enzi za utumwa, habari za misheni na za mji wenyewe. Mwaka 2018 Kanisa la Tanzania likaadhimisha pale miaka 150 ya uinjilishaji, kwa hiyo hata kama hujawahi kufika lazima umesikia.

Na hao masista wenyewe ni stori ambayo kina mama wetu huwa wanaipenda kuliko zote ukiwaambia. Walikua Binti za Maria kutoka kisiwa cha Réunion, shirika lililoanzishwa 1849, yani miezi tu baada ya utumwa kufutwa kule kisiwani Desemba 1848, na lilipokea wanawake weupe na weusi pamoja mpaka waliokua watumwa wenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo ndo anatumwa Bagamoyo kulea watoto waliotoka soko la watumwa. Mama mmoja aliniambia "mwanangu hii mbona hawatuambii kwenye mahubiri?" nikamwambia mama mi sio paroko.

Sasa nije kwenye mnyororo, mana hapo ndo kila kundi linanasa.

Kwenye eneo la misheni kuna mbuyu mkubwa, inasemwa ulipandwa na Padri Horner mwaka ule ule wa 1868, na kwenye shina lake utaona kipande kidogo cha mnyororo kinachungulia, kilichobaki chote mti umeshakimeza. Fikiria mtu ametoka nyumbani alfajiri akijua anakwenda mahali pa watumwa, njia nzima ndani ya basi watu wameimba nyimbo za majonzi, anashuka anakuta mnyororo ndani ya mbuyu. Anahitaji kuambiwa nini tena? Nilimshuhudia mama mtu mzima kabisa amepiga magoti, ameshika kile chuma kwa mikono miwili analia kwa sauti, anawaombea wote waliofungwa pale, akasema raha ya milele uwape ee Bwana na wenzake wote wakaitikia na mwanga wa milele uwaangazie. Hata mimi nywele zilisimama.

Akaja mwongozaji wa pale, kijana mpole tu, akasubiri wamalize sala, alafu akasema shikamoo mama, naomba nieleze kidogo. Huu mnyororo ni wa punda. Kulikua na mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekua akihudumia wagonjwa, na kwenye miaka ya 1890 alikua anafunga punda wake hapo, mti ukaendelea kunenepa ukala mnyororo.

Watu walinyamaza vile vya kutazamana. Yule mama akainuka taratibu, akajifuta na khanga, akasema "kwa hiyo mimi hapa nimemlilia punda?" Daah, tulicheka, na yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Ila alichofanya baada ya hapo ndo nimekishika mpaka leo. Alimgeukia yule kijana akamuuliza za kweli ziko wapi. Akaelekezwa ndani, akaenda peke yake, na alikaa mle muda mrefu kuliko mtu yeyote kwenye kundi letu, anasoma kila kibao, haongei na mtu. Alipotoka hakua na machozi, aliniuliza maswali. Zanzibar soko lilifungwa mwaka gani? Nani alilifunga? Waliobaki walienda wapi? Nikamwambia soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Waingereza walimbana Sultani Barghash akasaini, lakini kufunga soko sio kumaliza utumwa, biashara iliendelea kwa kificho na utumwa wenyewe ukaishi miaka mingi tu baada ya hapo.

Kuna viongozi wenzangu wa makundi, watu wazuri tu, ambao msimamo wao ni kwamba tusiwaambie watu habari ya punda, wewe unaharibu sala ya mtu kwa faida gani, aamini hivyo hivyo inamsaidia. Tumebishana sana hili kwenye grupu letu la WhatsApp. Mi siafiki kabisa. Mtu ukimwacha aamini cha uongo mahali pa hija, siku akija kuujua ukweli (na ataujua, simu anayo) hatatilia shaka mnyororo peke yake, ataanza kuwaza na zile pingu za ndani labda nazo ni za mbwa, na msalaba labda uliletwa juzi, na ukombozi wenyewe labda ni maneno ya mapadri. Kwa hiyo sa hivi tunafanya hivi: ndani kwanza, mbuyu mwisho. Wakishaona pingu na picha na ramani za misafara, wakifika mbuyuni unawaambia huu ni wa punda, wanatabasamu, wanapiga picha zao, maisha yanaendelea. Hamna anayeumia.

Ila ugumu mkubwa zaidi haukua mnyororo, ulikua swali la kijana mmoja wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki.

Tulikua tumesimama mbele ya sehemu inayoeleza jinsi misheni ilivyowapata watu wa kwanza wa kile kijiji. Katekista wetu mzee anaeleza vizuri, kwamba mapadri walienda sokoni Zanzibar wakawakomboa watoto wakawaleta huku. Kijana akanyoosha mkono kama yuko darasani, "Katekista samahani, kwa hiyo mapadri nao walinunua watu?" Katekista akasema hapana, walikomboa. "Hela ilitoka haikutoka?" Ilitoka. "Ikaenda kwa nani?" Hapo wazee wakaanza kunguruma, wewe kijana umetumwa, heshimu mahali patakatifu, mama mmoja akamvuta shati. Na paroko alikuwepo, kasimama nyuma. Akasema mwacheni aulize, mi nilikua nasubiri nani ataliuliza.

Basi ikawa mjadala wa kweli, nusu saa nzima, na ule muda haukuwepo kwenye ratiba yangu. Ukweli ni kwamba ndio, hela ilitoka, mfanyabiashara wa watumwa aliipokea akaiweka mfukoni, na hata wakati ule walikuwepo waliojiuliza kama kukomboa hivyo si kumpa muuzaji sababu ya kuleta wengine kesho. Sehemu ya hela hizo ilitoka kwenye lile shirika la Utoto Mtakatifu, hili hili ambalo watoto wetu wanalo parokiani na sare zao, lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, watoto wa Ulaya wakichanga senti zao kwa ajili ya watoto wa mbali. Tulikua na watoto wa Utoto Mtakatifu kwenye lile kundi, ungewaona macho yalivyowatoka! Mmoja akauliza wale watoto waliokombolewa walikua na miaka mingapi, mkubwa mmoja akamjibu wengine kama wewe, na mtoto akatulia kabisa.

Alafu kijana wetu hakuishia hapo, akauliza walipokombolewa waliruhusiwa kwenda kwao? Swali hilo lina majibu yanayouma. Wengi kwao kulikua mbali sana, bara huko, wengine walichukuliwa wadogo hata jina la kijiji hawalijui, na ukimwachia mtoto njiani anakamatwa tena kesho yake. Lakini pia misheni ilikua na mipango yake, kulikua na kengele ya kuamka, kengele ya kusali, kazi za shamba, nidhamu kali, ukikua unaozeshwa na mwenzako wa misheni mnapewa nyumba na kishamba pale kijijini. Walikuwepo waliotoroka. Na walikuwepo waliokaa, wakawa mafundi, makatekista, wakatumwa bara kwenda kuanzisha misheni mpya kama Mhonda mwaka 1877. Yote mawili ni ya kweli, na makumbusho mahali pa hija ukiyasoma kwa utulivu yanakupa nafasi ya kuyashika yote mawili kwa wakati mmoja, kitu ambacho kwenye wimbo wa shukrani hakiingii.

Wazee wengine walitoka mle wamenuna kidogo. Mzee mmoja wa UWAKA aliniambia "nyie vijana mnataka kutuharibia imani," nikamjibu shikamoo mzee, nikaacha ipite. Jioni ndani ya basi huyo huyo mzee ndo alikua anambishia jirani yake kwamba lakini kijana ana hoja, hela si ilitoka bwana!

Kuhusu picha. Kuna jambo ukishaliona huwezi tena kuliacha. Picha za misheni za karne ile, sio za Bagamoyo tu, popote, padri mara nyingi ana jina na mwaka, watoto waliosimama pembeni yake wamevaa nguo nyeupe hawana jina, unakuta tu "wanafunzi" au "waliokombolewa". Mi nilikua napita tu mpaka dada mmoja mwalimu wa sekondari alipowaambia watoto wa kipaimara kila mmoja achague mtoto mmoja kwenye picha amwangalie dakika nzima bila kuongea, alafu aseme anachokiona. Watoto wanaona bwana! Huyu hana viatu. Huyu anaangalia pembeni. Huyu mkubwa kamshika mdogo mkono, labda ni ndugu. Mahubiri yangu yote ya dakika ishirini hayajawahi kufanya kitu cha namna hiyo, toka siku hiyo nimepunguza kuongea nikiwa mle ndani, nasema machache naacha watu waangalie.

Haya, Livingstone. Hapa Wakatoliki wengi wanachanganyikiwa, mbona mnara wa kanisa letu una jina la Mprotestanti? David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskochi, alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake wakatoa moyo na vya ndani wakavizika pale chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakaukausha juani, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu mpaka pwani, zaidi ya kilomita 1,500, miezi na miezi, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mapadri wakaupokea, ukalala misheni, kesho yake ukavushwa Zanzibar na mwishowe ukazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma ndo wanaotajwa sana, na Jacob Wainwright aliyeusindikiza mwili mpaka Uingereza, lakini msafara ulikua na watu wengi wanaume kwa wanawake.

Nilichojifunza ni kwamba mahujaji wa Kitanzania hawamshangai Livingstone, wanawashangaa wabebaji. Ukiwaambia habari za mvumbuzi wanaangalia saa. Ukiwaambia hawa watu walikua wanaweza kumzika pale pale wakarudi makwao na hakuna ambaye angewauliza, wakaamua kubeba, mnaanza kuulizwa walikula nini, vijiji walivyopita walikubaliwaje kupita na maiti, walilipwa? Hayo maswali ya kulipwa huwa yanakuja kutoka kwa wanaume waliowahi kubeba mizigo sokoni, wanauliza kwa uchungu kabisa.

Na mara moja dereva wetu wa Coaster, mzee Mwislamu mwenyeji wa pwani, alikua amekaa nje kivulini tukamkaribisha mzee ingia nasi badala ya kuungua na jua. Akaingia kwa heshima, akavua kofia, akasikiliza. Tulipofika kwenye habari za wakati wa Wajerumani akasema jamani naomba niongeze neno. Akaeleza vita ya Abushiri ya 1888 na 1889, jinsi watu wa pwani walivyoinuka dhidi ya Wajerumani, na mji ukiwaka moto maelfu ya watu wakakimbilia eneo la misheni, na Abushiri mwenyewe hakuigusa misheni kwa vile alikua anaelewana na Padri Baur wa misheni. "Kwa hiyo msidhani hii nyumba ni yenu peke yenu," akasema akicheka, "bibi zetu nao walilala hapa." Tukampigia makofi. Safari zilizofuata kina mama walikua wakiuliza dereva ni yule mzee?

Kuna mwenzangu mmoja mcha Mungu sana aliwahi kunipinga kwamba makumbusho kwenye eneo takatifu ni utalii, tunakuja kusali hatujaja kutazama vitu. Nikamwambia hata Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinasema kinyume, kanuni ya 1234 inataka ishara za shukrani na sanaa za ibada za watu kwenye mahali pa hija zionyeshwe pale pale au jirani, na zilindwe zisiibiwe. Ndo maana ukienda Fátima, Ureno, utakuta taji la Bikira Maria ambalo wanawake wa Kireno walichangia vito vyao likatengenezwa mwaka 1942, na ndani yake imewekwa risasi iliyompiga Papa Yohane Paulo II tarehe 13 Mei 1981. Risasi, ndani ya taji! Hiyo unaisali au unaitazama? Yeye mwenyewe alikaa akafikiri akasema labda vyote. Hajabadilika sana lakini sasa anaingia.

Kitu kingine watu wa hija wanakosa kuunganisha ni Namugongo, kule kwa mashahidi wa Uganda. Nusu ya watu wetu wamewahi kwenda Uganda tarehe 3 Juni, wengine kila mwaka, na hawajui kwamba Mapadri Weupe (shirika la Wamisionari wa Afrika) wa kwanza waliondokea Bagamoyo hapa hapa mwaka 1878, wakapita Tabora, na Padri Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapera akafika Buganda Februari 1879. Yani ile imani ya mashahidi wa Namugongo ilipita kwenye mchanga huu. Nikilisema hili mbele ya ramani ya njia za misafara watu wanasogea karibu wanafuata kwa kidole, Bagamoyo, Tabora, ziwa, na kuna watu wa Tabora kwenye kundi wanaanza kujigamba hapo hapo. Ramani hiyo hiyo ndo iliyotumiwa na wafanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watu. Njia ile ile moja. Hapo mi huwa sisemi kitu tena.

Basi kwa wanaopanga safari, mambo ya kawaida tu. Makumbusho yawe asubuhi kabla ya misa, akili bado ina nafasi na joto halijakolea. Msiingie wote kwa mkupuo, vyumba ni vidogo, gaweni watu, wengine waanze groto au makaburi ya wamisionari alafu mbadilishane. Makaburi nayo msiyaruke, someni miaka pale, wengi walikufa vijana sana, homa tu. Kundi likiwa na wazee wengi ombeni viti mapema. Flashi zizimwe, karatasi na nguo za zamani mwanga unazila polepole na hauzirudishii. Msiguse. Mwongozaji mpeni nafasi amalize sentensi, na mumuachie chochote. Na paroko awe ndani na watu, asibaki nje na simu, maswali magumu yakija watu wanageuka kumtafuta yeye.

Kilichotokea kwetu ni kwamba yule kijana wa maswali na yule dada mwalimu wamekuja na wazo la kufanya maonesho madogo parokiani kwenye jubilei yetu, picha na vitu vya familia zilizoanzisha kigango. Nilidhani watachoka, hawajachoka. Tumetangaza kanisani, vitu vinakuja, rozari za mbao, vyeti vya ndoa, picha za ubatizo zimekunjwa kwenye Biblia. Sheria yetu ya kwanza ni kila mtu aliyemo kwenye picha apate jina, hata wale watoto wa pembeni, kwa hiyo tunazunguka kwa wazee na picha mkononi, bibi huyu ni nani, na huyu, na huyu? Majina tunaandika kwa penseli laini nyuma pembeni, sio kalamu ya wino, wino unapenya. Hamna selotepu, hamna laminesheni, ukishalamineti cheti cha zamani ndo umekiua. Tunaskani tunarudisha, na zitakazotundikwa ni kopi, mana ukuta wa ukumbi wetu unapigwa na jua la jioni.

Ugomvi uliopo sasa hivi ni kwamba kuna picha moja ya miaka ya zamani wanagombea familia mbili, kila moja inasema yule mama aliyebeba mtoto mbele ya kanisa la makuti ni bibi yao. Dada mwalimu anasema tuandike majina yote mawili na tueleze kwamba bado tunatafuta. Mwenyekiti wa jumuiya anasema hapana, itaonekana hatujui kazi yetu. Mi nipo upande wa mwalimu, kikao ni Jumapili baada ya misa ya pili.